Visu Ninavyovibeba

Kila asubuhi, kabla sijachukua funguo wala simu, hufungua kisanduku cha mbao kilicho juu ya kabati na kuchagua kisu kimoja cha kutembea nacho siku hiyo. Kisandukuni mna visu 31, vyote vya kukunja, na karibu vyote ni vya aina ambayo wakusanyaji huiita ya jadi: mpini wa mfupa, pembe au mbao, springi iliyolala mgongoni, na hakuna kufuli la kulishikilia bapa linapokuwa wazi. Nimevikusanya kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo wote nimejiwekea sharti moja, kwamba sinunui kisu ambacho ningeogopa kukitia mfukoni. Wapo wakusanyaji wanaoliona sharti hilo kuwa la ajabu, kwa sababu kisu cha zamani ambacho hakijawahi kutumiwa hushuka thamani siku ile ile kinapokata kamba ya kwanza. Nawaelewa, na baadhi yao ndio walionifundisha mengi ninayoyajua. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba kisu hakijulikani kwa kutazamwa, na kwamba mtu anayekusanya visu bila kuvibeba anakusanya sura zake tu.

Nitaanza na springi, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya fundi inapojulikana. Katika kisu cha aina hii, shina la bapa, yaani ile sehemu nene isiyo na makali inayoingia kwenye mpini, huchongwa liwe na pande tambarare, na springi ya mgongoni hulikandamiza wakati wote. Bapa likiwa limekunjwa, upande mmoja wa shina umelala chini ya springi. Ukilivuta kwa ukucha, kona ya shina huiinua springi, unahisi ukinzani ukiongezeka, kisha ukinzani unaachia ghafla na bapa linakaa wazi. Hakuna kinacholizuia lisirudi isipokuwa mkandamizo huo, na kwa sababu hiyo mtumiaji hujifunza mapema kutosukuma ncha ndani ya kitu kigumu wala kuubana mgongo wa bapa. Baadhi ya visu vina kituo cha katikati, ambapo bapa husimama kwa pembe ya digrii 90 kabla ya kuendelea, na hicho kimewaokolea vidole watu wengi wakati wa kukunja. Ukitaka kujua kama fundi alikuwa makini, pitisha ukucha juu ya mgongo wa kisu kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu na kikiwa wazi. Kwenye kisu kilichofanyiwa kazi vizuri ukucha hautakwama popote, maana springi inalingana na kingo za mpini katika hali zote tatu, na ulinganifu huo haupatikani ila kwa mtu kukaa na tupa, akisugua kidogo, akijaribu, akisugua tena.

Mjini Sheffield, Uingereza, ambako chama cha mafundi visu kilianzishwa kisheria mwaka 1624, kazi hiyo ilifanywa kwa vizazi vingi na mafundi wadogo waliojitegemea, kila mmoja katika chumba chake cha kukodi. Mmoja wao, Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021, aliingia kazini mwaka 1941 akiwa na umri wa miaka 14, na hadi uzeeni alikuwa bado anatengeneza visu vya springi kwa mkono. Nimeona picha za visu vyake vya maonyesho vyenye mabapa mengi na mipini ya gamba la chaza, na ni kazi ya kustaajabisha, lakini moyo wangu huvutwa zaidi na visu vyake vya kawaida vya bapa moja, kwa sababu hapo hakuna pambo la kuficha kosa. Uswisi nako Karl Elsener, ambaye warsha yake ndiyo iliyokuja kuitwa Victorinox, alipata njia ya kuifanya springi moja ifanye kazi pande zote mbili za mgongo, na kisu chake cha maofisa wa jeshi kikasajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Watu wanaokibeba kisu hicho chekundu huzungumzia wingi wa zana zake. Mimi kila ninapokifungua nafikiria ile springi.

Mlio nao una mashabiki wake. Wakusanyaji wa Marekani hupenda kisu kinachofunguka kwa nguvu na kujifunga kwa kishindo kikavu, na huhukumu kisu kwa namna kinavyotembea na kinavyosema. Nilikuwa na mazoea hayo hayo mpaka nilipopata kisu cha Laguiole. Visu hivyo vimechukua jina la kijiji cha Ufaransa, lakini vingi vyao hutengenezwa katika mji wa Thiers, na vingine mbali kabisa na Ufaransa, kwa kuwa jina lenyewe limetumiwa na wengi kwa muda mrefu. Katika visu vingi vya namna hiyo, bapa likiachwa lijifunge lenyewe, makali hupiga sehemu ya ndani ya springi na kuingia pengo. Ndiyo maana wenyewe Wafaransa wana msemo kwamba springi iliyo kimya huishi hadi uzee. Sikuujua msemo huo wakati nilipokinunua, na pengo dogo lililo karibu na shina la bapa langu lipo hadi leo, kwani kulisugua liishe kungenilazimu kuondoa chuma kingi mno. Tangu hapo hukunja kila kisu kwa mikono miwili, nikilisindikiza bapa hadi linapolala, na nimegundua kwamba hata vile vyenye springi kali havidai kupigwa.

Kazi za siku nzima ni ndogo, na sitazitukuza: kufungua bahasha, kukata kamba na utepe wa maboksi, kuchonga penseli, kuondoa uzi uliochomoza kwenye mshono, kumenya tunda. Siku nyingine kisu hutoka mfukoni mara 10, siku nyingine hakitoki hata mara moja. Lakini kazi hizo ndogo ndizo zinazolibadilisha bapa lililotengenezwa kwa pua, yaani feleji, ya kawaida yenye kaboni nyingi, kama ile inayoitwa 1095, ambayo kaboni yake ni takriban asilimia 0.95 na haina kromiamu ya kuizuia isishike kutu. Kisu kama hicho kikiwa kipya hung'aa kama kioo. Ukimenya nacho chungwa mara ya kwanza, ukakiacha dakika chache kabla ya kukipangusa, utakuta doa la rangi ya samawati limeenea kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni, na pembeni yake mstari wa kahawia hafifu kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Wiki hadi wiki madoa hupandana, samawati hugeuka kijivu, na baada ya mwaka bapa huwa na rangi ya wingu la mvua ambayo haifanani na ya bapa jingine lolote. Utando huo nao umetokana na chuma kuungana na oksijeni, kama kutu nyekundu, lakini wenyewe hushikamana na uso wa bapa na kuukinga kwa kiasi fulani, ilhali kutu nyekundu humomonyoka na kuendelea kula ndani. Wapo wanaoharakisha kwa kulichovya bapa ndani ya siki. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa rangi iliyopatikana kwa saa moja haikumbushi siku yoyote.

Kisu kimoja kati ya ninavyovibeba mara nyingi hakina springi kabisa. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na muundo wake ni mwepesi kuuelewa: kipande cha mbao cha mviringo kilichopasuliwa mfuo, bapa ndani ya mfuo, na ekseli moja inayopita katikati. Mwanzoni kilicholishikilia bapa kilikuwa msuguano wa mbao peke yake, na mwaka 1955 ndipo ilipoongezwa pete ya chuma inayozungushwa ili kulifunga likiwa wazi. Sasa mbao ni mbao. Siku moja nilinyeshewa mvua kutwa nzima kisu hicho kikiwa mfukoni, na jioni nilipotaka kukitumia mpini ulikuwa umevimba na kulibana bapa kiasi kwamba ukucha ulikaribia kung'oka. Nilidhani nimeshakiharibu. Rafiki yangu aliyekuwa karibu alikichukua, akahakikisha pete haijafungwa, akagonga kitako cha mpini mara mbili juu ya jiwe, na mgongo wa bapa ukachomoza kiasi cha kushikika kwa vidole. Baadaye nilijifunza kwamba watu wa Savoie wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, na kwamba pigo hilo limepewa jina lao. Mwenye kisu hicho ndani ya kabati la kioo hana namna ya kujua hata kwamba kuna shida inayohitaji pigo hilo.

Upande wa kukusanya una raha yake tofauti, ambayo ni raha ya kusoma. Visu vya jadi vina miundo yenye majina na sababu, na ukijua sababu unaanza kuona kazi za watu waliotangulia. Muundo ninaoupenda kuliko yote ni ule wa wafugaji, wenye mabapa matatu: la kwanza refu lenye ncha kali iliyokatwa kwa upinde, la pili lenye makali yaliyonyooka kama rula na ncha iliyoinama, na la tatu fupi lenye ncha butu ya mviringo, ambalo lilibuniwa kwa ajili ya kuhasi mifugo, kazi ambayo ncha kali ingeweza kumchoma mnyama bila kukusudia. Leo wengi wa wanaoubeba muundo huo hawana hata ng'ombe mmoja, lakini yale mabapa matatu bado yanagawana kazi vizuri. Lile lililonyooka hukata karatasi juu ya meza kuliko kisu chochote ninachokijua, maana urefu wote wa makali hugusa kwa pamoja.

Kisha kuna mihuri iliyogongwa kwenye shina la bapa. Kampuni ya Case ya Bradford, Pennsylvania, ilianza mwaka 1970 kugonga nukta 10 chini ya jina lake, na kila mwaka uliofuata ikaondoa nukta moja, kwa hiyo kisu cha miaka hiyo chenye nukta nne ni cha mwaka 1976 na mtu anaweza kukijua umri wake kwa lenzi ndogo tu. Namba za miundo yao pia zinasomeka: katika 6254, tarakimu 6 inaonyesha mpini wa mfupa uliochongwa mifuo, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni muundo wenyewe. Ile mifuo kwenye mfupa ilianza kama mwigo wa pembe ya mnyama, yenye mabonde na matuta ya asili, na mwigo huo ukapendwa hadi ukawa pambo linalojitegemea. Ukikibeba kisu cha mfupa kwa miaka kadhaa, matuta ya mifuo hulainika pale dole gumba linapokaa, na sehemu hiyo hupata mng'ao ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuuza.

Kwa sababu hiyo nachukizwa, na sitaficha, na wauzaji wanaosugua visu vya zamani kwa mashine ya kung'arisha kabla ya kuviuza. Kisu hutoka hapo kikimetameta, muhuri umefifia nusu, kingo za shina zimeviringika, na kila dalili ya miaka 60 ya matumizi imefutwa ili mnunuzi asiyejua adhani amepata kitu kipya. Mtu anayeanza kununua visu vya zamani na aangalie kwanza kama bapa lina kimo chake kamili au limeliwa na kinoo, kama mpini una nyufa zinazoanzia kwenye misumari inayoushikilia, kama bapa linatikisika upande kwa upande, na kama rangi ya chuma ndani ya mfuo wa kushikia ukucha inalingana na rangi ya sehemu nyingine. Bapa la kijivu lenye shina linalong'aa huwa limebadilishwa au limeguswa.

Kosa langu kubwa kuliko yote katika kukusanya lilitokana na kisu ambacho sikukibeba. Kilikuwa kizuri mno, mpini wake wa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, ya rangi ya asali yenye mawimbi, nami nikakihifadhi kwenye kopo la bati pamoja na visu vingine vinne, nikalifunga vizuri nikidhani nimevikinga na unyevu. Sikulifungua kwa miezi minane. Nilipolifungua nilipokelewa na harufu ya kafuri iliyochanganyika na ukali kama wa siki, na visu vinne vilikuwa vimeota kutu nyekundu upande ule ule uliokielekea kile cha tano. Seluloidi hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki, ikachanganywa na kafuri, na inapozeeka huanza kuvunjika yenyewe na kutoa gesi ambazo zikikutana na unyevu hugeuka kuwa asidi. Ndani ya kopo lililofungwa gesi haina pa kwenda. Kama kisu kile kingekuwa kinaingia na kutoka mfukoni, ningeona mapema mpini ukianza kutoa jasho na kutengeneza nyufa ndogo kama za udongo uliokauka. Sasa kila kisu cha seluloidi nilicho nacho kinakaa peke yake mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi sana. Visu viwili kati ya vile vinne niliviokoa. Viwili vina vishimo ambavyo havitaondoka.

Kubeba kisu kila siku kunamdai mtu awe mwangalifu kwa watu na kwa sheria. Sheria hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na ni juu ya mbebaji kuzijua za mahali alipo. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1988 humruhusu mtu kubeba hadharani, bila kutoa sababu, kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama ziliamua kwamba kisu chenye kufuli hakiingii katika ruhusa hiyo. Kwa hiyo huko kisu cha springi cha babu ni halali pale ambapo cha kisasa chenye kufuli si halali bila sababu ya msingi. Ndani ya ndege, shuleni na mahakamani sibebi kabisa, na kabla ya safari kisu hutoka mfukoni usiku wa kuamkia safari, kwani niliwahi kusahau mara moja na kisu hicho kikabaki kwenye kapu la ukaguzi. Mbele ya watu nisiowajua hukifungua polepole, makali yakielekea kwangu, na nikimpa mtu humpa kikiwa kimekunjwa. Nimeona kwamba mpini wa mfupa na bapa dogo la kijivu haviwatii watu hofu. Mara nyingi mtu mzima hukiomba akishike, akakigeuza mkononi, kisha akaanza kunisimulia kile alichokuwa nacho baba yake.

Utunzaji hauhitaji mengi. Hufuta bapa kila baada ya kugusa kitu chenye maji au ndimu, na mara moja kwa mwezi hutoa nyuzi za nguo zilizojikusanya ndani ya mpini kwa kijiti, kisha hudondosha tone moja la mafuta mepesi ya madini kwenye bawaba. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa kuwa hukauka yakawa kama gundi. Kunoa ndiko kunakotaka subira. Hulaza bapa kwenye kinoo kwa pembe ya digrii 15 hadi 20, nikisugua upande mmoja mpaka nihisi kwa ncha ya kidole ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili kwa urefu wote wa makali, ndipo nageuza. Ukigeuza kabla ukingo huo haujatokea utanoa jioni nzima bila kufika. Mwisho hupitisha makali juu ya ngozi, nikivuta kuelekea mgongoni, na kama karatasi ya gazeti inakatika bila kuraruka natosheka hapo, kwa kuwa kila kunoa kunapunguza kisu na sitaki kukipunguza bila sababu.

Wiki hii mfukoni nina kisu cha wafugaji nilichokinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu jamaa yake, ambaye hakujua lolote kukihusu. Bapa refu limebaki kama theluthi mbili ya kimo chake, limeliwa zaidi karibu na shina kuliko kwenye ncha, kama linavyoliwa la mtu anayekata kwa kukivuta kitu kuelekea dole gumba. Mifuo ya mfupa imelainika upande mmoja tu. Lile bapa lililonyooka limenolewa kidogo. La tatu, lile butu, halijaguswa: bado lina mistari myembamba ya mashine ya kiwandani, na makali yake ni yale yale lililotoka nayo. Mwenye kisu huyo alikibeba kwa miaka ambayo siwezi kuihesabu na hakuwahi kupata kazi ya bapa hilo. Nililitazama kwa siku kadhaa nikijiuliza kama nina haki ya kuligusa. Jana jioni nililinoa, na leo asubuhi nimefungulia nalo barua.